Ng'ombe Aliyekula Nafasi ya Maneno

Mimi ni fundi wa kuchora mabango, na nawaambieni mapema kabisa: ng'ombe yule nilimchora vizuri. Hata waliokuja kunitukana siku ile walikiri. Kiwele kimejaa, macho yanang'aa, mkia umerushwa juu anafukuza nzi, yaani ukipita ukutani pale unataka kumpisha njia. Kosa halikuwa kwenye ng'ombe. Kosa lilikuwa kwenye vipimo, na nitafika huko, msiniharakishe.

Ilianza na surua. Iliingia mtaani kwa mama yangu Jumatatu, ikampata mtoto mmoja, na kufikia Jumatano walikuwa watatu, wote kwenye kichochoro kilekile ambako mama anafuga ng'ombe wake na kuuza maziwa. Na pale kwa mama kulikuwa na Bonge. Bonge ni binti wa dada yangu, miezi kumi na moja, mashavu yamefura mpaka macho yanatafuta pa kuchungulia. Dada anafanya kazi mji mwingine, kamwacha kwa bibi yake mpaka apate nyumba ya kueleweka. Miezi kumi na moja, na sindano ya surua hajachomwa.

Mama hakutaka. Mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye mimi sikumkuta, alichomwa sindano ya surua, na wiki ileile akafa kwa surua. Tangu hapo ukimtajia chanjo, mama anainuka anaondoka. Kichochoro kizima kinaijua habari hiyo, maana mama ni msemaji, na akisema jambo linasikika mpaka kwa majirani wa majirani. Jumatatu nilimwendea kumbembeleza, akanimwagia miguuni maji ya kuoshea ndoo. Jumanne nikamwendea tena, akaniambia, "Wewe fundi rangi, paka rangi." Nikampigia dada simu. Dada yangu, mwanamke shupavu aliyekwenda kuanza maisha peke yake ugenini, akanong'ona, "Kaka, mwambie wewe." Jamani! Watu wazima wawili, wote tunamwogopa mama, na ugonjwa uko nyumba ya tatu kutoka kwake.

Sasa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ndiye muuguzi mkuu wa zahanati. Jumatano mchana akaniita. Alikuwa anakagua kadi za kliniki kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, kaukingia kipande cha boksi.

"Shemeji, Jumamosi tunachanja surua," akasema. "Dozi nazifuata Ijumaa bohari. Nataka ule ukuta unaotazama barabara uandikwe tangazo ambalo hata mtu mwenye haraka atalisoma." Akanipa karatasi. Ilisema: CHANJO BURE KWA WATOTO WOTE JUMAMOSI.

"Na picha?"

"Usinichoree sindano tu. Ukichora sindano watoto watalia kuanzia barabarani."

"Sasa nichore nini? Chanjo ina sura gani?"

Akacheka. Shemeji yangu hacheki ovyo, kazi yake haimpi nafasi, lakini alicheka. "Ukitaka sura yake ya kweli," akasema, "mchore ng'ombe."

Nikamwambia aache utani, mimi nina rangi ya kutafuta. Akaniambia niketi. Basi nikaketi, na hapo ndipo nilipopata homa yangu mwenyewe, homa ya furaha, maana sijawahi kusikia kisa cha namna ile.

"Sisi tunasema chanjo kwa sababu ya kuchanja," akaanza. "Zamani hakukuwa na sindano. Mtu alikwaruzwa ngozi ya mkono kwa kisu kidogo, dawa ikapakwa pale palipochanjwa. Neno letu limetoka kwenye kazi ya mkono. Lakini lile neno tulilosomeshwa chuoni, vaccination, limetoka kwa ng'ombe. Kwa Kilatini ng'ombe jike ni vacca."

"Ng'ombe huyu huyu wa maziwa?"

"Huyu huyu. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita ndui ilikuwa inafyeka watu, na anayepona anabaki na makovu uso mzima, wengine vipofu. Lakini huko mashambani Uingereza kulikuwa na wanawake wakamuaji. Ng'ombe wakipata ndui yao ndogo, vipele vinatoka kwenye chuchu, mkamuaji anavipata mikononi, anaumwa siku chache, basi. Halafu ndui kubwa ikija, inawaruka. Watu wa mashambani walikuwa wanalisema hilo, wasomi hawajali. Akatokea daktari mmoja wa kijijini akawasikiliza. Akachukua majimaji ya kipele kwenye mkono wa mkamuaji, akamchanja nayo mtoto wa mtunza bustani. Baadaye akamtia yule mtoto ndui yenyewe kumjaribu. Haikumpata!"

"Akamtia mtoto wa watu ndui?"

"Leo angefungwa. Lakini ndiyo hivyo. Jina likatoka kwa ng'ombe, na wakati chanjo nyingine zilipogunduliwa, za magonjwa yasiyo na ng'ombe wala ndama, zikapewa jina hilo hilo kwa heshima ya yule daktari."

"Na ndui sasa iko wapi?"

"Haipo, shemeji. Dunia nzima, hakuna mtu anayeugua ndui."

Weee! Nilisimama nikagonga goti kwenye meza, kadi zikamwagika chini zote. Mkamuaji! Mama yangu ni mkamuaji! Miaka zaidi ya arobaini anaamka, ananawa, anashika kiwele. Anadhani chanjo ni kitu cha watu wa makoti meupe, kumbe imeanzia mikononi mwa wanawake kama yeye! Nikaona kila kitu kwa mpigo mmoja. Mama anapita pale zahanati kila asubuhi na ndoo zake. Atamwona ng'ombe, atauliza ng'ombe anafanya nini ukutani, nami nitamsimulia, na Bonge atachanjwa. Nilitoka mbio bila kuaga, shemeji akabaki kuokota kadi na kunisema.

Sasa sikieni kosa. Kila fundi wa mabango anajua kanuni moja: herufi kwanza, picha baadaye. Unapiga mistari kwa uzi na chaki, unapima kila herufi upana wake, ukishamaliza ndipo picha inapewa nafasi iliyobaki. Herufi haikunjiki. Nimewafundisha watu wengine kanuni hiyo kwa ukali. Na Alhamisi asubuhi, mimi mwenyewe, kwa ile homa niliyokuwa nayo, nikaanza na ng'ombe.

Nikamchora. Nikamchora mpaka jua likawa utosini, watu wanasimama, wanasifia, sifa zinanipanda kichwani, naongeza pembe, naongeza mkia. Ijumaa nikarudi kuandika maneno. Nikapima. Pembe zimekula upande wa kushoto, mkia umekula kulia, miguu iko chini mpaka kwenye msingi. Iliyobaki ni nafasi ya maneno matatu. Nikapima tena, nikatukana, nikapima tena. Kumfuta mkia? Mkia ule? Nikajiambia, kwani nani asiyejua kwamba chanjo ya zahanati ni ya watoto? Nikaandika CHANJO BURE JUMAMOSI, nikatia kivuli kwenye herufi, nikaosha brashi. Shemeji alikuwa bohari anafuata dozi, aliporudi akaingilia mlango wa nyuma na kasha lake la baridi, na maneno yangu hakuyaona.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu simu ilipolia.

"Shemeji," sauti ikasema, taratibu sana, na mimi taratibu ile naijua. "Njoo zahanati. Njoo sasa hivi. Usinywe chai."

Nilifika nusu ya kidevu ina povu. Loo! Barabara haipitiki. Ng'ombe kumi na saba, niliwahesabu. Mbuzi wengi, na mama mmoja ana kuku kwenye tenga. Mzee mmoja kamleta mbwa kafungwa kamba, mbwa anawabwekea ng'ombe, ng'ombe wanasukumana, ndama mmoja kaingia uani mwa zahanati na kutafuna pazia la dirishani. Watoto wa kuchanjwa hakuna hata mmoja, labda wale waliokuja kuswaga. Na shemeji kasimama mlangoni kashika kiuno.

"Nisomee ukuta wako," akaniambia.

"Chanjo bure Jumamosi," nikasema.

"Yale maneno 'kwa watoto wote' yako wapi?"

"Hayakuingia."

"Hayakuingia wapi?"

"Mkia ulikuwa mrefu, shemeji."

Mzee wa mbwa akasikia, akaangua kicheko cha kukata mbavu, halafu akagundua kwamba yeye pia amechekwa, akaanza kufoka. Kila mtu akafoka. Bwana mifugo yuko wapi? Tumeamka alfajiri! Mimi natamani ardhi inimeze. Nilikuwa natafuta pa kupenyea ndipo nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote, inaamuru watu wasogee.

Mama yangu. Mkono mmoja kashika kamba ya ng'ombe wake mwekundu, mwingine anawasukuma watu kwa kiwiko. Na mgongoni, kafungwa kitenge, kalala fofofo, mashavu nje: Bonge!

Kwa wiki nzima nimembembeleza amlete mtoto hatua mia tatu tu, kakataa katakata, na sasa kamleta mwenyewe mpaka mlangoni, kwa sababu ya ng'ombe. Maana ng'ombe wake, mama anawachanjisha! Hajawahi kukosa mwaka hata mmoja. Bwana mifugo akichelewa anamfuata nyumbani kwake na kumgombeza.

Shemeji naye akamwona Bonge. Akaacha kunitazama mimi, akashuka ngazi, akampokea mama kwa adabu zote. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnaanza na nani? Mimi nina maziwa ya kupeleka."

"Mama, samahani sana. Leo hatuchanji ng'ombe. Tunachanja watoto, surua."

Mama akautazama ukuta, akanitazama mimi na povu langu, akamtazama shemeji, akapeleka mkono nyuma kumshika Bonge mguu.

"Mmenitega," akasema.

"Hapana, mama!" nikaruka. "Nakuapia si mtego, ni vipimo! Nilianza na picha!"

"Mtoto wangu mwenyewe ananitega kwa ng'ombe." Akavuta kamba ageuke. Lakini ng'ombe kumi na saba wamejaa nyuma yake, hakuna pa kugeukia, na hapo nikaona kwamba nikikaa kimya sasa, basi. Nikaongea. Sijui niliongea nini kwanza, niliruka huku na huku, nikamwambia habari ya ndui na wakamuaji, vipele mikononi, daktari aliyewasikiliza wakati wasomi wamewapuuza, mtoto wa mtunza bustani, neno lenyewe kwamba ni ng'ombe, ng'ombe jike, mama, wa maziwa! Watu wakawa wanasikiliza. Hata mbwa aliacha kubweka.

"Mikono ya nani?" mama akauliza.

"Ya wakamuaji. Wanawake."

Akainua mkono wake wa kulia, akautazama kidole cha shahada. Kina kovu dogo la mviringo, nimeliona tangu utotoni sikuwahi kuuliza. "Vile vipele vya chuchu," akasema. "Mimi vilinitoka hapa, nilikuwa msichana."

"Huenda ni vingine vinavyofanana navyo," akasema shemeji, maana yeye hadanganyi hata pale uongo ungemsaidia. "Lakini chanjo ilianzia mikono kama hiyo, kweli." Halafu akamsogelea, akashika kichwa cha yule ng'ombe mwekundu na kumkuna kati ya pembe. "Mama, nikuulize kitu. Huyu akiwa mgonjwa, ana homa, hali majani, unamchanja?"

"Thubutu!" mama akang'aka. "Bwana mifugo hata hamgusi. Ng'ombe akishaugua, chanjo itamsaidia nini? Chanjo ni ya mzima. Kila mfugaji analijua hilo."

"Na yule mwanao wa kwanza," shemeji akasema polepole, "siku ile uliyompeleka, alikuwa mzima?"

Ala! Hakuna mtu anayemuuliza mama habari hiyo. Mimi mwenyewe sijawahi. Mama alifungua mdomo kumjibu vibaya, nikaona kabisa jibu linakuja, halafu akamtazama ng'ombe wake.

"Alikuwa wa moto," akasema. "Mafua yanamtoka. Macho mekundu. Nilimpeleka kwa sababu alikuwa anaumwa. Nilidhani sindano itamtibu. Nilimfunika kanga yangu, wala sikumwonyesha mtu macho yake, niliogopa watanirudisha. Kesho yake vipele vikamjaa mwili mzima." Sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo sikujua kama mama anayo. "Mimi ndiye niliyembeba kumpeleka. Baba yenu alisema tungoje. Mimi nikambeba."

Kumbe! Miaka yote tunadhani mama ana hasira na sindano. Kumbe amekuwa anajishitaki mwenyewe, kila siku, akikamua.

"Mama, nisikilize," shemeji akasema, na akamshika mikono yote miwili, kamba ikaanguka. "Macho mekundu na mafua ndiyo surua yenyewe. Ilikuwa imeshamwingia siku kumi kabla, au zaidi. Sindano ilimkuta kwenye ugonjwa, haikumpa ugonjwa. Ungengoja, ingekuwa vilevile."

"Kwa hiyo haikumuua."

"Haikumuua."

"Na mimi sikumuua."

"Hukumuua, mama. Hata kidogo."

Mama akakaa chini. Pale pale, kwenye vumbi, katikati ya kwato, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikaa wakati wengine wamesimama. Akalia kwa sauti. Nami nikalia, na povu langu, sioni aibu kuwaambia. Bonge akaamka kwa kelele, akatutazama sote, akaamua naye alie.

Halafu mama akafungua kitenge. Akafuta pua kwa ncha yake, akamtoa Bonge, akampakata vizuri na kumshika mkono mnene ule. "Haya," akamwambia shemeji. "Harakisha, kabla sijabadilika."

Jamani, nilitaka kupiga vigelegele! Shemeji alikimbia, yeye ambaye huwa anatukataza kukimbia kwenye veranda. Akarudi na kasha la baridi na trei, akachanganya dawa kwenye kichupa, akavuta kwenye sindano, akafuta mkono wa mtoto. Bonge akatoa yowe lililomfanya ng'ombe mwekundu ageuze masikio. Imekwisha! Watu wakapiga makofi. Mzee wa mbwa akasema ana wajukuu watatu nyumbani, akamkabidhi mtu asiyemjua kamba ya mbwa, akaondoka anachapa miguu. Mama mwenye kuku akamfuata. Nikawa napiga kelele, "Leteni watoto! Ng'ombe nitawalinda mimi!" na kweli nilipewa kamba sita mkononi kwa mara moja.

Lakini mama hakuwa anafurahi tena. Alikuwa ameshika kadi mpya ya Bonge, anaitazama bila kuisoma.

"Wale watatu wanaoumwa kichochoroni," akasema. "Mama zao walikuwa wanataka kuja hapa. Mwaka jana, mwaka juzi. Mimi ndiye niliyewakataza."

Shemeji alitaka kusema neno la kumpoza, mama akamzuia kwa kiganja. Akanipa Bonge. Akaondoka upesi, na mimi nikazifunga kamba sita kwenye nguzo ya veranda na kumfuata nyuma na mtoto anayelia kwikwi, maana niliogopa atafanya nini.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya tatu. Mlango wa bati, nusu wazi. Ndani mlikuwa na giza, pazia limeshushwa kwa sababu mtoto anayeumwa alikuwa hawezi kustahimili mwanga, na nilimwona amelala kwenye godoro, vipele mpaka shingoni. Mama yake, mshonaji, jirani yetu wa miaka, alikuwa ameketi kwenye cherehani yake bila kushona. Kwenye paja lake kulikuwa na mdogo wa yule mgonjwa, wa miezi kumi hivi, bado mzima, anacheza na kibobini cha uzi.

Mama alisimama mlangoni.

"Nilikudanganya," akasema. "Sikujua kwamba nadanganya, lakini nilikudanganya. Sindano haikumuua mwanangu. Nimemchanja mjukuu wangu sasa hivi, huyu hapa. Yule mkubwa, muuguzi atakuja kumwangalia. Huyu mdogo mpeleke leo."

Nilidhani mshonaji atamtukana, na haki ya kutukana alikuwa nayo. Akatazama godoro, akamtazama mama.

"Miguu yangu haina nguvu, sijalala siku tatu," akasema. Akamwinua yule mdogo kutoka pajani, akamnyooshea mama yangu. "Ulinikataza wewe. Mbebe wewe."

Mama akampokea yule mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge kile kile, akashika njia ya zahanati.